Alama 164 Badala ya 165: Uchambuzi wa Kisa cha Mjazaji Risasi Aliyeangushwa na Kipimo cha Kasi

Mwishoni mwa Oktoba, katika shindano la bastola lililofanyika kaskazini mwa Arizona, mlenga shabaha mmoja wa klabu yetu aliingia kwenye hema la kupimia kasi ya risasi akiwa na matumaini ya kumaliza miongoni mwa walio mbele katika kitengo cha Limited, yaani cha bastola zisizo na darubini wala kifaa cha kupunguza teke, na dakika chache baadaye akatoka akiwa ameshushwa daraja kwa shindano zima. Risasi zake, ambazo alizijaza mwenyewe nyumbani kwake Phoenix, zilitakiwa zifikie kigezo cha nguvu cha 165, nazo zikafika 164. Baruti ilikuwa sahihi, bastola ilikuwa nzima, na kanuni zilifuatwa bila upendeleo. Nitamwita mwenzetu, kwa kuwa ameniruhusu kutumia daftari lake la vipimo bila kutaja jina lake.

Kigezo cha nguvu hupatikana kwa hesabu nyepesi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni huzidishwa kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Greni moja ni kama gramu 0.065. Chini ya kanuni za USPSA, ambacho ndicho chama cha mchezo huu nchini Marekani, anayetaka kuhesabiwa katika daraja kubwa ndani ya kitengo cha Limited sharti afikishe 165, naye awe anatumia risasi isiyopungua kipenyo cha inchi .40, anayeshindwa kufika hapo lakini akafikisha 125 huhesabiwa katika daraja dogo, na aliye chini ya 125 hufyatua bila kupewa alama yoyote. Kanuni za IPSC, ambalo ni shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ni kali zaidi kwa kitengo kinacholingana na hicho, kwani huko daraja kubwa linaanzia 170. Mpango wote huu unatokana na waasisi wa mchezo, waliokutana Columbia, Missouri, mwaka 1976 chini ya Jeff Cooper na kushikilia kwamba ulengaji, nguvu na wepesi vipewe uzito sawa. Walihofia kwamba pasipo kulinda nguvu kila mtu angekimbilia risasi dhaifu isiyorusha mkono, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana hadi leo kazi kubwa ya mjazaji risasi wa mashindano ni kusogea karibu na mpaka wa chini kadiri anavyothubutu, ili teke la bastola lipungue na shabaha ya pili ipatikane upesi.

Kushuka daraja kunagharimu kiasi gani? Kwenye shabaha ya karatasi, risasi iliyopiga eneo la katikati, liitwalo A, ina alama 5 kwa madaraja yote mawili, lakini eneo la C lina alama 4 kwa daraja kubwa na 3 kwa daraja dogo, na eneo la D lina 2 na 1. Alama hizo hugawanywa kwa sekunde alizotumia mshindani. Tuchukue kituo kirefu (yaani zoezi moja kati ya yale yanayounda shindano) cha risasi 32 ambacho mshindani amekimaliza kwa sekunde 20 akiwa na A 24, C 7 na D 1: katika daraja kubwa anapata alama 150, yaani 7.5 kwa kila sekunde, ilhali katika daraja dogo anapata 142, yaani 7.1. Huo ni upungufu wa zaidi ya asilimia 5 katika kituo kimoja, na hesabu hurudiwa upya kwa kila kituo, hata vile alivyovimaliza kabla ya kupimwa. Mtu mwenye kasi kama mwenzetu, ambaye huvumilia C nyingi kwa sababu daraja kubwa linazisamehe, huumia zaidi kuliko mlengaji wa polepole.

Ndani ya hema mambo yalikwenda hivi. Risasi nane zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa kutoka kwenye magazini zake akiwa kituoni, pasipo yeye kuchagua. Afisa aliingiza ya kwanza kwenye nyundo ya plastiki yenye uwazi kichwani, akaifunga, akaigonga mara chache juu ya kigogo hadi kichwa cha risasi kikachomoka na kudondoka ndani ya nyundo pamoja na punje za baruti. Akakipangusa, akakiweka kwenye mizani ya kielektroniki, nayo ikasoma greni 178.7. Boksi la vichwa hivyo, vya risasi ya plumbi iliyopakwa rangi ngumu, liliandikwa 180. Kisha risasi tatu zikafyatuliwa kupitia kronografu, yaani kipimo cha kasi: 914, 921 na 909. Wastani wake ukizidishwa kwa 178.7 unatoa 163. Kanuni inatoa nafasi ya pili, kwa hiyo zikafyatuliwa tatu nyingine, 919, 905 na 924, na zikachukuliwa tatu zenye kasi kubwa kati ya zote sita, yaani 924, 921 na 919. Wastani wa hizo ni 921.33, na kigezo kikawa 164.64, ambacho kwa mujibu wa kanuni ni 164, kwa sababu desimali zote hutupwa.

Hapo ikabaki risasi moja, na kanuni humwachia mshindani achague. Anaweza kuomba kichwa chake kipimwe uzito, na kikiwa kizito kuliko cha kwanza hesabu irudiwe kwa uzito huo mpya. Au anaweza kuomba ifyatuliwe, na hesabu irudiwe kwa tatu zenye kasi kubwa kati ya saba. Mwenzetu aliomba ifyatuliwe. Kronografu ikasoma 917, na mambo yakaishia hapo.

Uamuzi huo ndio ulionivuta zaidi kwenye kisa hiki, kwa sababu unaweza kupimwa kwa tarakimu. Ili afaulu kwa kufyatua, risasi ya mwisho ilipaswa kufika 926. Kwa 925 asingepona: kigezo kingekuwa 164.9997, na kwa kuwa desimali hutupwa, angeandikiwa 164 vilevile. Risasi zake sita zilikuwa na wastani wa 915 na mtawanyiko wa kawaida (mchepuko sanifu) wa kama futi 7, hivyo nafasi ya risasi moja kuruka hadi 926 ilikuwa chini ya moja kwa kumi. Ili afaulu kwa uzito, kichwa kilipaswa kufika greni 179.1 tu. Aliporudi nyumbani alipima vichwa 50 kutoka boksi lilelile: vilianzia 178.1 hadi 180.3, wastani wake ulikuwa 179.2, na 31 kati ya hivyo vilifika 179.1 au zaidi. Alikuwa na nafasi nzuri kuliko nusu kwenye mizani, akaiacha na kushika nafasi finyu kwenye kronografu. Wapo washindani wengi wanaoshikilia kwamba risasi ya mwisho daima ifyatuliwe kwa kuwa kasi hubadilika kuliko uzito. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini haimfai mtu ambaye kichwa chake cha kwanza kilichopimwa kimetokea kuwa chepesi kuliko wastani wa boksi. Bila shaka mwenzetu hakuwa na njia ya kulijua hilo pale hemani, maana tangu alinunue boksi hakuwahi kupima hata kichwa kimoja, aliiamini lebo.

Swali kubwa zaidi ni jinsi risasi zilizokuwa na 168 daftarini zilivyofika hemani zikiwa na 164. Julai, huko Phoenix, katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi, alikuwa amefyatua risasi 10 na kupata wastani wa futi 937 kwa sekunde, ambazo kwa kichwa cha greni 180 ni 168.66. Akiba ya alama tatu na nusu ilimtosha, na wengi wetu tungeridhika nayo.

Shutuma yake ya kwanza aliielekeza kwenye kronografu ya shindano, na ya pili kwenye mwinuko wa mahali, kwa kuwa huko kaskazini ardhi imepanda juu sana kuliko Phoenix. Mwinuko tunaweza kuuondoa mara moja: hewa ya juu ni nyepesi, nayo hupunguza kani inayoizuia risasi, na kwa umbali wa hatua chache kati ya mdomo wa bastola na kipimo athari yake haionekani kabisa, kama ingeonekana, ingemsaidia. Kronografu nayo kanuni inataka ihakikiwe kila siku kwa risasi maalumu za kulinganishia, jambo ambalo halimaanishi kwamba haiwezi kutofautiana kidogo na ya nyumbani, bali kwamba mshindani hawezi kuitupia mzigo wote. Alishuku pia kipimia baruti cha mashine yake, ile ya kujaza kwa mzunguko ambayo kila mvuto wa mkono hukamilisha risasi moja huku nyingine zikiwa katika hatua za nyuma. Akazifungua risasi 10 zilizobaki za shindano na kupima baruti ya kila moja: hazikupishana zaidi ya greni 0.1. Baruti ilikuwa ileile ya Julai.

Jibu lilikuwa daftarini, katika mstari alioupita mara nyingi bila kuutilia maanani. Risasi za Julai zilikuwa na urefu wa inchi 1.135, kama milimita 28.8, ambao ndio urefu wa juu wa aina ya risasi aliyoitumia, ile ya .40 S&W kwa viwango vya viwanda vya Marekani. Risasi za Oktoba zilikuwa na inchi 1.180, karibu milimita 30. Katikati ya tarehe hizo alikuwa amenunua bastola nyingine ya aina iitwayo 2011 (jina la muundo, si mwaka), ambayo magazini zake zina nafasi ya risasi ndefu zaidi, na kama walivyo wengi wenye bastola hizo aligundua kwamba risasi fupi hukwama wakati wa kupanda kutoka kwenye magazini kwenda chemba, ilhali ndefu hupanda kwa ulaini. Akageuza skrubu ya dai (kwa Kiingereza die), kifaa cha mashine ya kujazia kinachosukuma kichwa ndani ya ganda, akapata urefu mpya, akazijaribu risasi mbili tatu kwa mkono kwenye chemba ya bastola, akaendelea na kazi. Baruti hakuigusa, ndiyo maana moyoni mwake ilikuwa risasi ileile.

Haikuwa ileile. Kichwa kinapokaa nje zaidi, nafasi iliyo nyuma yake ndani ya ganda huongezeka. Baruti ileile huungua katika chumba kikubwa zaidi, mgandamizo wa gesi hupanda polepole na kufikia kilele cha chini zaidi, na kichwa hutoka mtutuni kikiwa na kasi ndogo. Milimita moja na kitu inaweza kudharauliwa na mtu anayeitazama kwa macho, lakini ganda la .40 ni fupi na baruti za bastola huungua haraka, hivyo badiliko dogo la nafasi lina athari inayopimika. Ili ajue ukubwa wake, mwenzetu alijaza mafungu mawili, fupi na refu, kwa vichwa vya boksi moja na baruti ya kopo moja, akayafyatua mchana mmoja katika joto la nyuzi 30 kwa bastola na kronografu zilezile. Fupi zilipata 936, tofauti ya futi 1 na zile za Julai, ambayo haina maana yoyote. Ndefu zilipata 924. Urefu peke yake ulikuwa umekula futi 12.

Siku hiyo hiyo aliweka fungu jingine la risasi ndefu kwenye sanduku la barafu, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, hadi zikapoa kama zilivyokuwa asubuhi ile ya baridi ya shindano la Oktoba, kisha akazitoa chache chache na kuzifyatua kabla hazijapata joto. Zikasoma 917. Baruti nyingi za bastola hudhoofika katika baridi, ingawa si zote kwa kiwango kimoja, na hii yake ilidhoofika kwa futi 7. Zikabaki futi mbili hivi kati ya 917 na wastani wa hemani, ambazo zinaweza kuwa tofauti ya kronografu mbili au bahati tu ya risasi sita, na sioni faida ya kuzitafutia mwenyewe.

Sasa tunaweza kuzijumlisha hasara hizo kwa alama za kigezo. Urefu ulichukua kama alama 2.2. Baridi ilichukua 1.3. Kichwa kilichokuwa na greni 178.7 badala ya 180 kilichukua 1.2, na mabaki hayakufika hata alama moja. Jumla ni alama 5 na kidogo, kutoka kwenye akiba ya alama tatu na nusu. Watu husema kamba hukatikia pabovu, lakini hii haikuwa na mahali pamoja pa kulaumu: urefu peke yake ungemwacha na 166, baridi peke yake 167, uzito peke yake 167, na katika kila hali angetoka hemani akicheka. Ndiyo sababu hakuwa ameona dalili yoyote. Alikuwa ameshiriki mashindano mengine ya joto kwa risasi hizohizo ndefu bila kupimwa, na bastola ilifanya kazi vizuri, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuhisi tofauti ya futi 20 katika 900 wakati shabaha zinamsubiri na saa inakwenda.

Kwa maoni yangu kosa lenyewe halikuwa kuchagua 168. Namba hiyo ni ya kiasi, na nimewaona watu wakijaza kwa 166 na kupona mwaka hadi mwaka. Kosa lilikuwa kuichukua namba hiyo kana kwamba ni sifa ya baruti, ilhali ilikuwa sifa ya mkusanyiko mzima: baruti ile, kichwa kile, urefu ule, bastola ile, joto lile. Alipobadilisha bastola na urefu, 168 ilikoma kuwapo, ila daftari halikuwa na namna ya kumwambia.

Matengenezo aliyoyafanya yalifuata mkondo wa uchunguzi. Kishawishi cha kwanza, ambacho kila mjazaji anakifahamu, ni kuongeza baruti kwa kukisia hadi namba ipande. Hakukifuata, na alifanya vyema, kwa kuwa .40 S&W ni risasi ya mgandamizo mkubwa, ambayo viwango vya viwanda vinaupa kilele cha pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na haina nafasi kubwa ya kusamehe kati ya nguvu inayofaa na nguvu inayoharibu. Kwa sababu hiyo pia sitaji hapa jina la baruti wala kipimo chake: kipimo huchukuliwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kwa kichwa cha aina na uzito unaotumika, mjazaji akianzia chini na kupanda kwa hatua ya greni 0.1 huku akikagua maganda na praima (viwashio vya baruti vilivyo kitakoni mwa maganda) zilizofyatuliwa. Mwenzetu alianza upya hivyo, kwa urefu wa 1.180 tangu risasi ya kwanza.

Lengo lake aliliweka kwa kuanzia upande mbaya. Alichukua kichwa chepesi kuliko vyote 50, greni 178.1, ambacho kinahitaji futi 927 ili kifike 165, akaongeza futi 10 kwa ajili ya mtawanyiko, kwani wastani wa risasi tatu kutoka fungu lenye mtawanyiko wa 7 huyumba kwa futi 4 hivi. Hiyo ikampa futi 937 katika baridi, sawa na kama 944 katika mchana wa joto. Alipofika hapo kwa hatua, ndani ya mipaka ya kitabu, na kuzidisha kwa uzito wa wastani wa vichwa vyake halisi, kigezo cha mchana kilitoka 169, na cha asubuhi ya barafu 167. Jambo la kufurahisha ni kwamba namba mpya inapita ile ya zamani kwa alama isiyofika hata moja kamili, na teke la bastola halikuongezeka kwa namna anayoweza kuilalamikia. Alichokuwa amekosa tangu mwanzo hakikuwa nguvu nyingi zaidi. Alikosa 168 iliyopimwa kwa risasi atakazozifyatua.

Lipo jambo moja ambalo matengenezo hayo yameliongezea hatari, na nilimsisitizia hilo kuliko mengine. Bastola yake ya zamani, anayoibeba kama akiba endapo hii ya 2011 itaharibika, ina magazini za kawaida ambazo haziwezi kupokea risasi ya inchi 1.180. Kwa hiyo atalazimika kuwa na risasi fupi pia, na mtu mwenye haraka usiku wa kuamkia shindano anaweza kugeuza skrubu ile ya dai kurudi 1.135 na kuacha kipimia baruti kilivyo. Badiliko lililompunguzia kasi Oktoba lingefanya kinyume: kichwa kingezama ndani zaidi juu ya baruti iliyokwisha kuongezwa, nafasi ingepungua, na mgandamizo ungepanda katika risasi ambayo tayari imekaribia ukomo wake. Kukosa alama moja hemani ni hasara ya siku moja; ganda linalopasuka ndani ya chemba linaweza kuvunja bastola na kumjeruhi aliyeishika. Suluhisho alilolichagua ni kununua kichwa cha pili cha mashine, chenye dai zake na kipimia baruti chake, ambacho kimefungwa kwa kipimo cha zamani kwa ajili ya risasi fupi pekee, na kila boksi linalotoka mezani sasa linaandikwa kwa wino urefu, uzito wa wastani wa vichwa kama ulivyopimwa, bastola ya kutumia, kasi, na joto la siku kasi hiyo ilipopatikana.